Kalsiamu Iingiayo Sharti Itoke: Dawa na Mkazo wa Msuli wa Moyo

Hotuba iliyotolewa Chiromo, Nairobi, mbele ya wauguzi, wafamasia, wanafunzi wa udaktari na wananchi waalikwa

Mwenyekiti wa kikao, walimu wangu, wauguzi na wafamasia mliotoka zamu ya usiku mkaja moja kwa moja hapa, wanafunzi, na ninyi wazazi wetu ambao hamfanyi kazi ya hospitali lakini mnameza dawa ya presha kila asubuhi, hamjambo nyote.

Nimeombwa nieleze jinsi dawa zinazogusa mwendo wa kalsiamu zinavyobadili mkazo wa msuli wa moyo. Mtu akisikia kalsiamu hufikiria mifupa, meno na maziwa, wala hakosei, kwa kuwa takribani asilimia 99 ya kalsiamu ya mwili imo ndani ya mifupa na meno. Mimi nitazungumzia ile sehemu ndogo iliyobaki, na hasa ile inayopanda na kushuka ndani ya seli za moyo kwa kila pigo, mara kama 100,000 kwa siku. Dai langu ni hili: kipimo cha nguvu za moyo ni safari ya kalsiamu kuliko wingi wake. Sharti ifike kwa wakati, iguse inapopaswa kugusa, kisha iondoke kabla ya pigo linalofuata. Dawa inayoongeza mkazo bila kujali kuondoka huko ina gharama, na historia ya matibabu ya moyo kwa kiasi kikubwa ni historia ya madaktari kuigundua gharama hiyo wakiwa wamechelewa.

Tuanze na chura. Mwanzoni mwa miaka ya 1880, Sydney Ringer, tabibu na mwalimu jijini London, alikuwa akichunguza moyo wa chura uliotolewa mwilini na kufungwa kwenye kifaa cha maabara, ukipitishiwa maji ya chumvi badala ya damu. Katika majaribio yake ya kwanza moyo ule uliendelea kupiga kwa muda mrefu, naye akaamini kwamba chumvi ya kawaida inatosha kuudumisha. Baadaye ilibainika kwamba maji yale yalikuwa yametengenezwa kwa maji ya bomba ya kampuni ya New River, ilhali Ringer alidhani yametengenezwa kwa maji yaliyokenekwa, yaani maji ya mvuke uliokusanywa ukapoozwa. Alipotumia maji yaliyokenekwa kweli, mkazo ulififia kidogo kidogo na moyo ukasimama. Alipotia kalsiamu kidogo tu, kadiri ya ile iliyokuwamo katika maji ya bomba ya London, moyo ukaanza kupiga upya. Vilevile aliona upande wa pili wa jambo hilo: kalsiamu pasipo potasiamu ya kuisawazisha ilifanya mkazo urefuke na kulegea kuchelewe, hata moyo ukaelekea kubaki umejikunja. Taarifa yake ya mwaka 1883 ndiyo iliyofungua somo letu la leo. Wauguzi waliomo humu wanaligusa jina lake kila zamu, maana limeandikwa kwenye mfuko wa dripu ya Ringer laktati, ingawa laktati yenyewe iliongezwa miaka ya 1930 na Alexis Hartmann, daktari wa watoto wa Marekani.

Angalieni kwamba jaribio lile moja lilikwisha kutuonyesha mambo yote mawili. Pasipo kalsiamu hakuna mkazo, na kalsiamu isiyoondoka nayo huua pigo. Iliyobaki ni kueleza kwa nini.

Seli ya msuli wa moyo inapopumzika, kalsiamu iliyo huru ndani yake ni kidogo mno, kiasi cha nanomoli 100 hivi kwa lita, ilhali nje ya seli, katika majimaji yanayoizunguka, ni zaidi ya mara 10,000 ya hapo. Umeme wa moyo unapopita juu ya utando wa seli, milango midogo ya protini iitwayo milango ya kalsiamu ya aina ya L hufunguka na kuingiza kalsiamu kidogo. Kalsiamu hiyo kidogo haitoshi kuukaza moyo wa binadamu. Kazi yake ni kufungua milango mingine ya ndani, ile ya ghala ambalo wanafisiolojia huliita retikulamu ya sarkoplazimu, na ghala hilo ndilo linalomwaga kalsiamu nyingi zaidi. Kwa muda mfupi kiwango ndani ya seli hupanda kama mara 10. Kalsiamu hushika protini iitwayo troponini, troponini huisogeza tropomayosini iliyokuwa imeziba njia, nyuzi za aktini na mayosini hushikana na kuvutana, na moyo hukaza.

Mpangaji yeyote wa ghorofa za Nairobi anaweza kunielewa hapa akilikumbuka tangi la paani. Maji ya mgao yanayoingia kutoka barabarani ni kidogo, lakini unapofungua bomba la jikoni unachopata hutegemea kilichomo katika tangi, na tangi hujazwa na pampu inayokula stima. Ghala la kalsiamu ni tangi hilo. Pampu yake inaitwa SERCA, nayo hula nishati ya seli kurudisha kalsiamu ghalani baada ya kila pigo. Katika moyo wa binadamu takribani asilimia 70 ya kalsiamu hurudi ghalani kwa njia hiyo, na karibu yote iliyobaki hutolewa nje na kibadilishanaji cha sodiamu na kalsiamu, ambacho huingiza chembe 3 za sodiamu ili kutoa chembe 1 ya kalsiamu. Pampu ikichoka, tangi huwa nusu na mkazo hudhoofika. Tangi likijazwa kupita kiasi, hufurika lenyewe bila mtu kufungua bomba, na katika moyo mafuriko hayo huzaa umeme usiotarajiwa na mapigo yasiyo na mpangilio, ambayo yanaweza kuua. Hayo mawili, upungufu na mafuriko, ndiyo nitakayorudi kwayo kwa kila dawa.

Kwa wanafunzi niongeze neno moja nje ya mstari. Panya wa maabara hurudisha ghalani zaidi ya asilimia 90 ya kalsiamu yake, kwa hiyo kibadilishanaji kina kazi ndogo kwake kuliko kwetu. Ukisoma kwamba dawa fulani imeimarisha moyo wa panya, uliza kwanza dawa hiyo inagusa njia ipi.

Sasa twende kwenye dawa, na ya kwanza imo katika vichaka vyetu. Msunguti, ambao wataalamu wa mimea huuita Acokanthera, unaota sehemu nyingi za Kenya, na kwa vizazi vingi Wakamba, Wagiriama na Wawaata waliutumia kutengeneza sumu ya mishale. Vipande vya mti na magome vilichemshwa kwa saa nyingi hadi yabakie masalio meusi mazito kama lami, yakapakwa nyuma ya ncha ya mshale, kisha mshale ukazungushiwa ukanda mwembamba wa ngozi ili sumu isikauke na mchukuzi asijidhuru. Ndani ya sumu hiyo imo wabaini, kemikali iliyotengwa na mkemia Mfaransa Arnaud mwaka 1888. Si binadamu peke yake aliyeijua. Mwaka 2011 Jonathan Kingdon na wenzake walichapisha uchunguzi wa panya mkubwa wa Afrika Mashariki, Lophiomys imhausi, ambaye hutafuna gome la mti huu na kujipaka mate yenye sumu kwenye manyoya maalumu ya ubavuni. Mbwa akimng'ata huugua vibaya au hufa, na moyo ndio unaoshambuliwa.

Sumu nyingine ya mishale, ile ya mmea wa Strophanthus, ilimfikia John Kirk, ambaye baadaye alikuwa balozi mdogo wa Uingereza huko Zanzibar, alipokuwa katika msafara wa Livingstone kwenye mto Zambezi. Kirk aliona mapigo ya moyo wake yakipungua baada ya kutumia mswaki uliokuwa mfukoni pamoja na sumu hiyo. Sampuli zilipelekwa Edinburgh, ambako Thomas Fraser alizichunguza na kupata dawa ya moyo. Kwa hiyo anayesema dawa za moyo zilivumbuliwa Ulaya zikaletwa huku hajasema habari yote, ingawa ni kweli pia kwamba digoksini tunayotumia wodini hutokana na jamaa ya mmea wa Ulaya, ule ambao William Withering wa Birmingham aliuandikia kitabu mwaka 1785 baada ya kuwatibu nao watu waliovimba miili.

Digoksini, wabaini na strofanthini, yaani dawa ile ya Strophanthus, hufanya kazi kwa njia moja, na njia hiyo ni ya kuzunguka. Haziigusi kalsiamu moja kwa moja. Zinazuia pampu nyingine, ile inayotoa sodiamu nje ya seli na kuingiza potasiamu. Pampu hiyo iligunduliwa na Jens Christian Skou, Mdenmaki aliyetumia neva za miguu ya kaa, na taarifa yake ya mwaka 1957 ilimpatia Tuzo ya Nobeli ya kemia mwaka 1997. Aliyetaka kuthibitisha kwamba ndiyo pampu yenyewe alitumia wabaini: ikizimwa na wabaini, ni yenyewe. Pampu ya sodiamu ikizuiwa kwa kiasi, sodiamu huongezeka ndani ya seli. Kibadilishanaji, ambacho huitegemea tofauti ya sodiamu kati ya nje na ndani, hupungukiwa na nguvu ya kutoa kalsiamu. Kalsiamu ambayo ingetoka inabaki, SERCA inaichukua na kuiweka ghalani, na pigo linalofuata linakuta tangi limejaa zaidi. Mkazo unaongezeka.

Mnaona mara moja hatari iko wapi. Dawa hii huongeza mkazo kwa kuizuia kalsiamu isitoke, na kati ya tangi lililojaa vizuri na tangi linalofurika pana nafasi finyu sana. Kwa mgonjwa wa moyo ulioshindwa, kiwango cha digoksini katika damu kinachopendekezwa ni kama nanogramu 0.5 hadi 0.9 kwa mililita, na si mbali juu ya hapo matatizo huanza: kichefuchefu, kutapika, kuona rangi ya njano au kijani, mapigo ya polepole mno, kisha mapigo ya hovyo. Withering mwenyewe alikwisha kuyaandika mengi ya hayo katika karne ya 18.

Ndiyo maana muuguzi anayetoa digoksini husimama kitandani kwanza. Huweka stethoskopu juu ya ncha ya moyo, huitazama saa, na huhesabu dakika nzima, kwa sababu moyo usio na mpangilio ukihesabiwa kwa sekunde 15 na kuzidishwa kwa 4 hudanganya. Akipata chini ya 60 kwa mtu mzima, kwa kawaida huizuia dozi na kumwita daktari. Kisha huangalia karatasi ya maabara atafute potasiamu. Potasiamu na digoksini hugombea mahali pamoja kwenye pampu, hivyo potasiamu ikishuka digoksini hushika kwa nguvu zaidi, na mgonjwa wa moyo kwa kawaida anameza pia furosemaidi, dawa ya kukojoza ambayo huondoa potasiamu mwilini. Mgonjwa hajabadilisha kidonge hata kimoja, ila ameharisha siku kadhaa, na dozi iliyokuwa salama imegeuka sumu. Figo zikidhoofika mambo huwa hayo hayo, kwa kuwa digoksini hutoka kwa mkojo. Klarithromaisini, dawa ya kuua bakteria inayoandikwa kwa urahisi kwa kikohozi cha kifua, nayo hupandisha digoksini katika damu. Wafamasia, hili liangalieni kabla dawa haijavuka kaunta.

Je, mkazo huo wa ziada unarefusha maisha? Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 1997 uliwafuata wagonjwa 6,800 wenye moyo ulioshindwa kufanya kazi lakini wenye mapigo ya mpangilio wa kawaida. Waliopewa digoksini walikufa kwa idadi karibu sawa na waliopewa kidonge kitupu, ingawa waliolazwa hospitalini kwa ajili ya moyo kuzidiwa walipungua kwa asilimia 28. Mimi siidharau faida hiyo. Anayeishi mbali na hospitali na hulipa nauli mara mbili ili alazwe, kwake siku za nyumbani ni faida kubwa. Lakini anayesema kwamba moyo unaokaza zaidi ni moyo utakaoishi zaidi, utafiti huo haumuungi mkono.

Dawa za aina ya pili zinafanya kazi kwa ustadi zaidi, na kwa kiburi zaidi. Adrenalini, ambayo mwili huitengeneza wenyewe mtu anapotishwa au anapokimbilia matatu, pamoja na dobutamini inayotolewa kwa dripu kwa mgonjwa mahututi, hugonga kipokezi cha beta, protini iliyo juu ya utando wa seli, na kuamsha ndani ya seli kemikali inayoitwa AMP ya mzunguko. Kutoka hapo matokeo ni matatu kwa pamoja. Milango ya kalsiamu ya utando huingiza zaidi. Protini iitwayo fosfolambani, ambayo kwa kawaida huikandamiza SERCA, huiachilia, na ghala hujazwa upesi. Na troponini huiachia kalsiamu kwa wepesi zaidi. Hivyo moyo unakaza kwa nguvu na papo hapo unalegea haraka, jambo ambalo ni la lazima pale mapigo yanapofika 150 kwa dakika na muda wa kujaza damu umefupika. Digoksini haiwezi kufanya hivyo.

Ungetarajia basi kwamba dawa ya namna hii ikitengenezwa kuwa kidonge cha kila siku itakuwa mkombozi. Milrinoni, ambayo huzuia kuvunjwa kwa AMP ya mzunguko, ilijaribiwa hivyo kwa wagonjwa 1,088 wenye moyo uliodhoofika sana, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 1991: vifo viliongezeka kwa asilimia 28 kwa waliopewa dawa kuliko waliopewa kidonge kitupu. Moyo uliochoka ulikuwa umesukumwa kila siku, oksijeni yake ikaliwa, na kalsiamu ikawa inapita kwa wingi katika mfumo ambao tayari unavuja. Tangu hapo dawa hizi zimebaki kwa dripu, kwa siku chache, chini ya uangalizi, pale ambapo pasipo hiyo mgonjwa hafiki kesho.

Na hapa ndipo lilipo jambo ambalo wanafunzi hukataa kuliamini wanapolisikia mara ya kwanza. Dawa zinazofanya kinyume, yaani zinazofunga kipokezi cha beta na hivyo kupunguza kalsiamu inayoingia na kudhoofisha mkazo, ndizo zilizorefusha maisha. Kwa miaka mingi vitabu vilikataza kabisa kumpa mgonjwa wa moyo ulioshindwa dawa ya namna hiyo. Mwaka 1999 utafiti wa bisoprololi kwa wagonjwa 2,647 ulionyesha vifo vimepungua kwa asilimia 34. Wiki za mwanzo mkazo hupungua kweli, na mgonjwa huweza kujisikia mchovu kuliko jana, ndiyo maana huanzishwa kwa miligramu 1.25 na kuongezwa polepole, na haianzishwi wakati mapafu yamejaa maji. Baada ya miezi kadhaa, msuli uliopumzishwa dhidi ya mjeledi wa adrenalini huanza kushughulikia kalsiamu yake vizuri zaidi na mkazo hupanda juu ya pale ulipokuwa. Watafiti walijaribu pia kuitia pampu ya SERCA moja kwa moja kwa njia ya jeni, na ilikuwa fikra nzuri, lakini jaribio la wagonjwa 250 lililochapishwa mwaka 2016 halikuleta faida.

Nije sasa kwenye dawa ambazo wengi wenu mnazo kwenye mkoba. Miaka ya 1960, Albrecht Fleckenstein wa Freiburg, Ujerumani, aliona kwamba verapamili ilidhoofisha msuli wa moyo kama vile kalsiamu imeondolewa katika majimaji, ilhali umeme wa seli ulibaki karibu vilevile. Akiongeza kalsiamu, mkazo ulirudi. Akaziita dawa za namna hiyo pinzani wa kalsiamu. Kazi yao ni kuziba ule mlango wa aina ya L, mlango wa kwanza kabisa katika safari yetu. Kalsiamu inayoingia hupungua, ghala hutoa kidogo, mkazo hupungua.

Hapo wazazi wetu hushtuka na kuuliza: ikiwa dawa yangu ya presha inadhoofisha moyo, mbona daktari kanipa? Jibu ni kwamba familia hii ina ndugu wasiofanana. Amlodipini na nifedipini hupenda zaidi mishipa ya damu. Msuli laini wa kuta za mishipa hukaa na umeme wa aina inayoifanya milango yake ishikwe kwa urahisi na dawa hizi, kwa hiyo kwa dozi za kawaida mishipa hulegea, presha hushuka, na moyo wenyewe hauguswi sana. Uvimbe wa vifundo vya miguu unaowapata baadhi yenu kwa amlodipini hutokana na mishipa midogo ya kuingiza damu kutanuka kuliko ile ya kuitoa, hivyo maji huchuja kwenda nje. Mara nyingi si dalili ya moyo kushindwa wala ya figo kuharibika, lakini mwonyeshe daktari, usiiache dawa kimyakimya. Amlodipini pia hukaa mwilini kwa muda mrefu, nusu yake ikitoka baada ya saa 30 hadi 50, na anayetaka kuona presha imeshuka jioni ya siku ya kwanza atajikatisha tamaa bure.

Verapamili ni kiumbe kingine. Hushika milango inapokuwa wazi, kwa hiyo kadiri moyo unavyopiga haraka ndivyo inavyoukamata, na hukamata pia kituo cha umeme kati ya vyumba vya juu na vya chini vya moyo. Hiyo ndiyo faida yake kwa mapigo ya kasi, na hiyo ndiyo hatari yake kwa moyo ambao mkazo wake tayari ni hafifu. Diltiazemu iko katikati ya hao wawili, ikiegemea upande wa verapamili: utafiti uliochapishwa mwaka 1988 ulionyesha kwamba waliokuwa wamepata shambulio la moyo na mapafu yao kujaa maji walizidi kupata madhara ya moyo walipopewa diltiazemu. Amlodipini, kwa upande wake, ilijaribiwa kwa wagonjwa wa moyo uliodhoofika na haikuongeza vifo. Ukichanganya verapamili na dawa ya kuzuia beta, unauziba mlango huku ukimzuia anayeufungua, na mapigo yanaweza kushuka hadi mgonjwa azimie. Kwa sababu hiyo siipendi hata kidogo ile desturi ya mtu kuingia kemisti akasema, nipe ile ya presha, ile nyeupe ndogo. Amlodipini ya kiwanda kimoja ni nyeupe na ndogo, na vidonge vingine vingi ni vyeupe na vidogo.

Swali lingine ambalo huulizwa na wale wanaokimbia Karura asubuhi: mbona dawa hizi hazilegezi miguu? Kwa sababu msuli wa mifupa unao mlango wa jamii hiyo hiyo, lakini hauhitaji kalsiamu ipite hapo. Umeme ukifika, protini ya mlango hubadili umbo na kuuvuta kimwili mlango wa ghala, ghala likafunguka. Kalsiamu ya nje haina haja ya kuingia. Moyo pekee kati ya misuli hiyo miwili ndio unaosubiri tone la nje kila pigo, na ndiyo maana moyo wa chura wa Ringer ulisimama ukikosa kalsiamu katika maji yake.

Kuna waliofikiri kwamba badala ya kuongeza kalsiamu, tuifanye iliyopo isikike zaidi. Levosimendani hushika troponini kalsiamu inapokuwapo na kuimarisha mkazo, bila kuchelewesha sana kulegea, kwa kuwa kalsiamu ikiondoka nayo hupoteza nguvu ya kushika. Kwa nadharia haina dosari. Lakini katika majaribio makubwa waliopewa dawa hii hawakuonekana kuishi zaidi ya waliopewa dobutamini. Dawa nyingine mpya huigusa mayosini yenyewe na kuiacha kalsiamu ijiendee. Mavakamteni, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2022, huipunguza kazi mayosini kwa wagonjwa ambao msuli wa moyo umenenepa kwa kurithi na unakaza kupita kiasi, na kwao kudhoofisha mkazo ndiyo tiba.

Nimalizie na kalsiamu inapotolewa yenyewe kama dawa, maana wauguzi waliniandikia swali hilo kabla ya kikao. Mgonjwa wa figo mwenye potasiamu iliyopanda hatari hupewa kalsiamu glukoneti mshipani. Kazi yake ni kuutuliza utando wa seli za moyo, na matokeo huonekana kwenye mashine ya kupima umeme wa moyo ndani ya dakika chache, kisha huisha baada ya nusu saa au saa moja hivi. Haiondoi hata chembe moja ya potasiamu, kwa hiyo anayeitoa na kuondoka akadhani amemaliza kazi, hajamaliza. Kwa aliyemeza verapamili nyingi, kalsiamu hutolewa ili kuisukuma ipite katika milango michache iliyobaki wazi, na mara nyingi haitoshi peke yake, na huongezewa dawa za kupandisha presha na insulini kwa dozi kubwa.

Na katika wodi ya wazazi, mama mwenye kifafa cha mimba anapopewa magnesiamu salfeti, ampuli ya kalsiamu glukoneti huwekwa tayari kwenye trei ile ile, gramu 1, yaani mililita 10 za asilimia 10. Magnesiamu hushindana na kalsiamu mahali pengi, kwenye neva, kwenye msuli na kwenye moyo. Ndiyo maana muuguzi hugonga goti la mama kuona kama mguu unaruka, huhesabu pumzi na hupima mkojo kabla ya kila dozi. Goti likinyamaza, magnesiamu husimamishwa. Pumzi zikipungua, ampuli ile huvunjwa na kusukumwa mshipani polepole, kwa muda wa kama dakika 10, kwa sababu kalsiamu ikiingia moyoni kwa kishindo huweza kuusimamisha moyo uleule tuliokusudia kuuokoa.